Daktari Solomon Carter Fuller, Mwana wa Liberia Aliyeuchungua Ubongo

Tukisoma habari za Waafrika waliopata elimu kubwa zamani, jina la Dk. Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, halikosi kutajwa. Alifika huku Afrika ya Mashariki mwaka 1924, na habari za ziara yake zimo katika vitabu vyetu vya historia. Lakini yuko mwana mwingine wa Afrika ya Magharibi aliyemtangulia Aggrey katika chuo kile kile cha Livingstone kule Marekani, na habari zake hazisomwi sana. Nilipouliza wenzangu bwenini kama wamepata kulisikia jina la Solomon Carter Fuller, hakuna aliyelijua.

Kwa hiyo nimeona vema nimwandike katika ukurasa wetu wa Kiswahili. Kazi yake inahusu jambo linaloingia katika nyumba zetu nyingi: kwa nini wazee wengine hupotewa na kumbukumbu hata wasiwatambue watoto waliowazaa wenyewe.

Solomon alizaliwa Monrovia, mji mkuu wa Liberia, tarehe 11 Agosti 1872. Babu yake, John Lewis Fuller, alizaliwa utumwani katika jimbo la Virginia, Marekani. Alikuwa fundi viatu hodari, akaweka fedha kidogo kidogo mpaka akajikomboa mwenyewe, na mkewe pia. Mwaka 1852 wakavuka bahari wakahamia Liberia. Baba yake Solomon alikuwa mkulima wa kahawa, tena ofisa wa serikali. Mama yake, Anna Ursilla, alikuwa binti wa wamisionari waliofanya kazi ya kutibu wagonjwa. Mama huyu alifungua shule ndogo ili amfundishe mwanawe pamoja na watoto wa majirani. Basi mtoto alikulia katika nyumba ambamo vitabu na habari za dawa vilikuwa vitu vya kila siku.

Mwaka 1889, akiwa na miaka 17, yaani mdogo kuliko mimi ninayeandika haya, aliagana na wazazi wake akasafiri kwenda Marekani. Aliingia chuo cha Livingstone, katika mji wa Salisbury, North Carolina, akamaliza mwaka 1893. Akaanza masomo ya udaktari Brooklyn, New York, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Boston, akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1897. Watu Weusi wa Marekani walikuwa wametoka utumwani miaka 32 tu kabla ya hapo, na daktari Mweusi alikuwa mtu adimu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika Hospitali ya Westborough, jimbo la Massachusetts, iliyokuwa ya wagonjwa wa akili. Baada ya miaka miwili akawekwa kuwa msimamizi wa patholojia, yaani elimu ya kuchungua sehemu za mwili ili kujua ugonjwa umefanya nini ndani yake. Wakati huo huo akaanza kufundisha somo hilo katika chuo chake cha Boston. Mgonjwa alipofariki, Fuller aliuchukua ubongo, akaukata vipande vyembamba kuliko karatasi, akavitia rangi, na kuvitazama kwa hadubini, yaani darubini ya kuonea vitu vidogo sana.

Wanafunzi wa biolojia wataelewa kwa nini rangi ilitakiwa. Sisi sote tumepata kuweka ngozi ya kitunguu chini ya hadubini. Bila iodini huonekana kama kioo kitupu. Ukidondosha tone moja tu, kuta za seli zinajitokeza kama matofali ya ukuta. Ubongo nao ni hivyo. Katika miaka ile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakivumbua rangi mpya za kuutia, na kila rangi ilifunua jambo ambalo halikupata kuonwa na mtu. Rangi iliyotengenezwa kwa madini ya fedha ndiyo iliyoleta mambo makubwa kuliko zote.

Fuller aliona kwamba akibaki Westborough atasoma tu habari za wengine. Mwaka 1904 akaomba ruhusa, akaenda Ujerumani, kwenye hospitali ya akili ya Chuo Kikuu cha Munich. Mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Profesa Emil Kraepelin, na aliyesimamia maabara yake alikuwa Daktari Alois Alzheimer. Alzheimer aliwachagua wageni watano kufanya kazi katika maabara yake, na mmoja wao alikuwa kijana huyu wa Monrovia.

Maabara ile ilikuwa mahali pa ajabu. Walikuja watu kutoka Italia, Marekani na nchi nyingine, kila mmoja na lugha yake, wakakaa katika meza moja ndefu ya hadubini. Alzheimer hakuwa mwalimu wa kuhutubia kutoka mbali. Alikuwa akiketi na mwanafunzi mmoja mmoja kwa muda mrefu, akitazama pamoja naye, sigara kubwa mkononi. Alipoinama kutazama aliiweka sigara mezani, akaisahau, na kwa mwanafunzi wa pili akawasha nyingine. Wanafunzi wake wamesimulia kwamba jioni palikuwa na kipande cha sigara karibu na kila hadubini. Fuller alijifunza hapo ufundi wa kupasua maiti, kuzitia rangi seli, na hasa uvumilivu wa kutazama. Katika safari hiyo alimtembelea pia Paul Ehrlich, mtaalamu mkubwa wa rangi na madawa, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Mwaka 1905 Fuller akarudi Westborough. Mwaka uliofuata ukaletwa Munich ubongo wa mwanamke mmoja aliyefariki Frankfurt, Auguste Deter. Aliingizwa hospitali mwaka 1901, akiwa na miaka 51 tu, naye hakuweza hata kukumbuka jina la mumewe; alipoambiwa aandike jina lake, alianza akasahau katikati. Alzheimer alipoutazama ubongo wake aliona mambo mawili. La kwanza, nje ya seli palikuwa na mabaka madogo ya kitu kigeni. La pili, ndani ya seli nyingi palikuwa na nyuzi zilizojisokota zikawa mafundo, na mahali pengine seli yenyewe imekwisha kufa, fundo peke yake limebaki. Tarehe 3 Novemba 1906 aliueleza mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Hakuna aliyemwuliza swali hata moja. Mwaka 1910 Kraepelin akauita ugonjwa ule kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake, nalo ndilo jina linalotumika mpaka leo.

Sasa tumfuate Fuller. Alikuwa amebeba ufundi wa Munich kichwani mwake, naye hakuulalia. Mwaka 1907 alitoa uchunguzi mrefu juu ya nyuzi zilizo ndani ya seli za ubongo, akizilinganisha za wazee waliopotewa na akili, za walevi wa siku nyingi, na za wagonjwa wengine. Mwaka 1911 akaandika juu ya mabaka katika ubongo wa wazee. Mwaka 1912 akaandika juu ya mgonjwa wake mwenyewe mwenye ugonjwa wa Alzheimer, akakusanya na habari za wagonjwa wote waliokuwa wameandikwa kabla yake, pamoja na zile za Auguste, akazitia katika Kiingereza. Kwa kazi hiyo madaktari wasiojua Kijerumani wakaweza kujua yaliyoonekana Munich.

Ningependa tulifikirie jambo hili, sisi ambao kila siku tunatoka katika lugha ya nyumbani kwenda ya darasani, kisha kwenye Kiswahili. Watu husema mfasiri si kitu, mwenye maneno ndiye mkubwa. Lakini elimu iliyofungwa katika lugha moja ni kama ghala lenye mlango mmoja. Fuller aliufungua mlango wa pili.

Wala hakuwa mtu wa kurudia tu maneno ya mwalimu wake. Wengi wakati ule walisema kwamba mishipa ya damu ikishupaa kwa uzee ndiyo inayoleta ugonjwa huu. Fuller alilikataa wazo hilo, kwa kuwa vipande alivyovitazama havikulithibitisha. Tena aliona kwamba mabaka na mafundo yapo hata katika magonjwa mengine, na pengine hayaonekani pale ambapo mtu angeyatazamia. Basi akaonya kwamba yasichukuliwe upesi kuwa ndiyo chanzo cha ugonjwa. Maneno hayo yalikuwa ya hekima. Leo inajulikana kwamba wako wazee wenye mabaka mengi ubongoni ambao akili zao zilikuwa timamu mpaka siku ya kufa.

Mwaka 1909 alimwoa Bibi Meta Vaux Warrick wa Philadelphia, mchongaji wa sanamu aliyesoma Paris na kusifiwa na Auguste Rodin, bingwa wa sanaa hiyo. Wakajenga makao yao Framingham, Massachusetts, wakapata watoto watatu wa kiume. Mwaka huo huo Fuller alihudhuria mkutano maarufu wa Chuo Kikuu cha Clark, ambako Sigmund Freud wa Vienna alikuja kueleza elimu yake. Yumo katika picha waliyopigwa wote pamoja.

Mwaka 1919 aliacha kazi ya Westborough ili afundishe zaidi Boston. Hapo ndipo penye sehemu chungu ya habari zake. Tangu mwaka 1928 mpaka 1933 aliiendesha idara ya magonjwa ya neva kama mkuu wake, lakini cheo cha mkuu hakupewa. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wenzake Wazungu waliofanya kazi ya namna moja. Mwaka 1933 mwalimu Mzungu aliyekuwa chini yake alipandishwa kuwa profesa kamili na mkuu wa idara. Fuller akastaafu. Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya elimu yake. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyopimwa.

Lakini hakufunga mikono. Katika miaka ya 1920 ilipofunguliwa hospitali ya askari wastaafu Weusi kule Tuskegee, Alabama, madaktari vijana Weusi walipelekwa kwake, naye akawafundisha kuutambua kaswende unapoingia ubongoni, ili askari wasidhaniwe kuwa na wazimu wa namna nyingine. Aliendelea kutibu wagonjwa baada ya kustaafu, mpaka kisukari kikamharibu macho. Mtu aliyeishi kwa kutazama alimaliza maisha yake katika giza. Alifariki tarehe 16 Januari 1953, akiwa na miaka 80.

Yale mabaka na mafundo ni nini hasa? Hilo Fuller hakuishi kulijua. Jibu lilikuja baada yake, nami nitajaribu kulieleza kadiri nilivyolielewa.

Ndani ya kila seli, kazi karibu zote hufanywa na protini. Protini ni mnyororo wa chembe ziitwazo asidi amino, nazo ni za aina 20. Mnyororo ukiwa umenyooka haufai kitu; sharti ujikunje upate umbo lake maalumu, kama vile ufunguo usivyofaa bila meno yake. Christian Anfinsen wa Marekani alionyesha kwamba maagizo ya kujikunja yamo katika mpangilio wa mnyororo wenyewe, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Lakini ndani ya seli mna msongamano mkubwa, na minyororo mingine hukunjika vibaya, hasa joto likizidi au sumu ikiingia.

Aliyewahi kufyatua matofali ataelewa upesi. Tofali likitoka katika kalibu limepinda, msimamizi hulinyoosha lingali bichi. Likishindikana hutiwa alama, hurudishwa shimoni, hupondwa, na udongo wake hufyatuliwa upya. Seli nayo ina wasimamizi wake. Ziko protini saidizi ambazo huzishika nyingine ili zikunjike sawasawa. Zilizoshindikana hubandikwa alama ndogo iitwayo ubikwitini, kisha huingizwa katika mtambo uitwao proteasomu, nao huzikatakata. Waliogundua kazi ya alama hiyo ni Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Takataka kubwa zaidi hufungwa katika utando na kumeng'enywa na seli yenyewe, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa tuzo hiyo mwaka 2016 kwa kueleza jinsi kazi hii inavyoendeshwa.

Wasimamizi hao wakizidiwa, matofali mabovu hurundikana na kushikamana. Mwili unapozeeka nguvu zao hupungua. Seli nyingi za ubongo ziko hatarini kuliko nyingine, kwa sababu hazizaliwi upya. Mtu hukaa nazo tangu utotoni mpaka kaburini. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong wa Marekani waliitenga protini iitwayo amiloidi-beta kutoka mishipa ya ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, na mwaka uliofuata wataalamu wa Australia na Ujerumani wakaipata katika mabaka yenyewe. Katika miaka hiyo hiyo ikajulikana kwamba mafundo ni ya protini nyingine iitwayo tau. Na mwaka 1987 ikaonekana kwamba mafundo yale yamebandikwa ubikwitini. Maana yake, seli ilikuwa imekwisha kuona kwamba kitu hiki ni kibovu, ikakitia alama kiondolewe, isiweze kukiondoa.

Jambo hili limenigusa sana. Katika kijiji chetu bibi yangu mzaa mama alianza kuniita kwa jina la mjomba aliyefariki kabla sijazaliwa, kisha akawa anatoka usiku akitafuta nyumba iliyobomolewa siku nyingi. Hakuna daktari aliyempima, kwa hiyo siwezi kuutaja ugonjwa wake kwa jina. Lakini wako watu walionong'ona kwamba anatembea usiku kwa sababu ni mchawi, na watoto wa jirani wakakatazwa kula chakula chake. Alikufa akiogopwa na watu aliowalea. Kama wangejua kwamba ubongo unaweza kuugua kama ini au figo linavyougua, wangemshika mkono na kumrudisha ndani.

Dawa ya kuponya ugonjwa wa Alzheimer bado haijapatikana. Mwaka 2023 Marekani iliikubali dawa iitwayo lekanemabu, ambayo huondoa amiloidi ubongoni na kuuchelewesha ugonjwa kwa kiasi, haiuponyi. Kazi hiyo sasa inafanywa na wakemia, madaktari, wanahisabati na wauguzi wa nchi nyingi wanaopelekeana matokeo yao, kila mmoja akishika upande wake. Hakuna mmoja wao anayeweza kusema kwamba ameanza peke yake. Wazee wetu walisema kweli: kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika miaka ya 1970 mji wa Boston ulipata kituo cha afya ya akili chenye jina la Fuller, na Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kina tuzo kwa jina lake. Framingham nako iko shule inayoitwa kwa jina lake na la mkewe. Heshima hiyo ilikuja baada ya yeye kufa.

Nawaomba kaka zetu mliomaliza hapa, hasa ninyi mlio madaktari na wauguzi, mkirudi vijijini mwaeleze watu habari hizi kwa lugha wanayoisikia. Na wenzangu wa kidato cha chini wanaoogopa biolojia kwa sababu ya maneno yake magumu, wamkumbuke mjukuu wa fundi viatu, aliyezaliwa katika bara hili letu, akaketi Munich mbele ya hadubini, akatazama mpaka akaona, kisha akawaandikia wengine alichokiona.